Wimbo wa Saba wa Radi Kavu

Bendi hufa kwa pombe, kwa ugomvi, au kwa mke wa mpiga besi. Radi Kavu ya Majengo, mjini Goma, ilikuwa na vyote vitatu na ikaendelea kuishi. Kilichoishinda ni kitu kidogo tu: kumaliza tamasha. Walikuwa na nyimbo saba. Kwa miaka ishirini na mitano walipiga sita, na kila walipojiandaa kwa ule wa saba, ama waasi waliingia mjini, ama mlima wa volkano ulipasuka.

Aliyeianzisha bendi ni Léopold Habarurema, mchomeleaji wa vyuma huko Birere. Muziki wenyewe, kama hujawahi kuusikia, ni ule wa gitaa linalonguruma kama lori lililokwama kwenye matope ya barabara ya Sake, ngoma zinazochapwa kana kwamba zimeiba, na mwimbaji anayelia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Wenyewe huuita metali nzito. Habarurema aliupata kwenye kanda iliyosahauliwa na mteja mmoja, na siku ya kwanza aliposikiliza alishangaa: ilikuwa sauti ileile ya kazini kwake, ila hapa watu walilipa kiingilio.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila alikuwa na sababu ya kuutaka huo wimbo wa saba kuliko mwenzake yeyote. Sababu hiyo ilivaa koti refu na kofia, ikashika fimbo, nayo iliitwa Muzee Ndagijimana, mfugaji wa Masisi, baba yake Annonciata, binti ambaye Habarurema alitaka kumwoa.

Ilikuwa mwaka 1996, tamasha la kwanza kabisa, katika ukumbi wa parokia. Padri aliwaruhusu kwa kuamini kwamba ni kwaya. Muzee Ndagijimana alishuka kutoka milimani makusudi aje kumwona kijana anayemtaka binti yake, akakaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Wimbo wa sita ulipoisha, kikasikika kishindo kikubwa nje. Ukumbi mzima ukapiga makofi. "Ngoma hiyo!" watu wakasema. "Ngoma hiyo imefika mpaka tumboni!" Kishindo cha pili kikaondoa mabati matatu ya paa, na hapo ndipo walipotambua kwamba mpiga ngoma alikuwa ameketi tu, vijiti mapajani, akishangaa kama wao. Vita vilikuwa vimefika.

Watu wakatoka kwa madirisha. Rémy, mpiga besi, alirukia dirisha la nyuma na besi yake. Besi ikakwama, Rémy hakukwama. Ndani walibaki wawili.

"Léopold."

"Ndiyo, Muzee."

"Imekwisha?"

"Bado moja, Muzee."

"Basi maliza."

Kishindo cha tatu. Habarurema akajikuta chini ya meza ya sadaka. Muzee akainuka taratibu, akapangusa vumbi kwenye kofia, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako "ndio" huwa "njo":

"Mutu hawezi kumaliza hata makelele yake mwenyewe, njo ataweza kumaliza kulea mutoto yangu? Siku utamaliza hii kitu yako, mbele ya watu, na mimi nimekaa, njo nitapokea ng'ombe yako. Mbele ya hapo, hapana."

Mtu wa milimani akishatoa neno, halirudishi. Habarurema na Annonciata wakaishi pamoja hivyohivyo, kama nusu ya Majengo, wakapata watoto watatu, kifungua mimba akiwa binti, Mahoro. Kila baada ya miaka miwili mitatu Habarurema alipeleka mtamba Masisi, na kila mara mtamba alirudishwa, tena akiwa amenenepa.

Na desturi, wee acha! Desturi ya kwao inasema hivi: mwanaume ambaye ng'ombe wake hawajapokewa, watoto wake ni wa baba mkwe. Siku binti yake akichumbiwa, atakayekaa kwenye kiti cha baba na kupokea ng'ombe ni babu mzaa mama. Yeye aliyemzaa atakaa kule nyuma chini ya shitingi, turubai la plastiki, pamoja na majirani, akingoja fanta. Habarurema alikuwa ameona mwenzake mmoja akipatwa na jambo hilo, na fanta haikumfikia.

Turudi kwenye muziki. Wajuzi hupenda kusema kwamba bendi fulani ilitafuta sauti yake. Radi Kavu haikutafuta kitu. Sauti yao ilikuwa ni kile kilichobaki baada ya vingine kupotea.

Januari 2002, Alhamisi mchana, walikuwa juu ya lori pale Birere. Katikati ya wimbo wa sita watu wakaanza kutokwa jasho. "Leo wanapiga moto!" wakashangilia. Na moto ulikuwa unakuja kweli, unateremka na barabara kama mtu anayejua aendako. Walikimbilia Gisenyi na besi tu. Gitaa na ampli vikabaki chini ya moto uliopoa ukawa jiwe. Habarurema alirudi na nyundo na tindo, akalichimba lile jiwe wiki tatu, akaambulia kishikio. Basi akakata gitaa jipya kutoka kwenye mabati ya ghala lililoungua, akalitia nyuzi za breki za pikipiki. Lilikuwa na kilo kumi na nne.

"Metali tulikuwa nayo," Rémy alisema alipolinyanyua. "Uzito ndio mulima ametuongezea."

Novemba 2012, tamasha la tatu, wimbo wa sita, waasi wengine. Mpaka siku hiyo mwimbaji wao, Jean de Dieu, alikuwa na sauti tamu ya kanisani, aibu kubwa kwa muziki ule. Katika kukimbia alipotezana na mkewe, Umurerwa, akashika njia ya Mugunga akiliita jina lake siku tatu, usiku na mchana. Alimkuta ameketi juu ya bidoni, dumu lake la maji, amekasirika.

"Nilikusikia tangu jana," Umurerwa akasema. "Nikaona usumbuke kidogo."

Sauti ya Jean de Dieu haikurudi tena. Kilichobaki kooni kilikuwa mngurumo, kama fahali anayekohoa ndani ya pipa. Mashabiki wakafurahi kupita kiasi. "Hatimaye," wakasema, "huyu mutu amejifunza kuimba!"

Mei 2021, Jumamosi jioni, wimbo wa sita ukiendelea, mbingu nzima ikawa nyekundu nyuma ya jukwaa. "Angalieni mataa!" watu wakapiga makofi. "Wamepata mufadhili!" Makofi yalidumu mpaka harufu ilipofika. Safari hiyo ngoma zao zilikimbizwa na mtu mwema asiyejulikana, na mpaka leo zingali zinakimbia. Wakaanza kupiga madebe ya mafuta ya msaada.

Hapo ndipo mji ulipopiga hesabu zake. Hakuna aliyesema Radi Kavu wanaleta maafa, hapana, watu wa Goma ni wastaarabu. Walisema tu kwamba wanayajua mapema. Bango la bendi likibandikwa, waendesha pikipiki walijaza mafuta. Wauza mahindi walimsimamisha Annonciata njiani: "Mama Mahoro, Papa anapiga lini? Nijue kama nitahamisha mzigo." Mkuu wa mtaa alituma barua yenye mhuri, akiomba kujulishwa saa sabini na mbili kabla ya wimbo wa sita. Habarurema aliisoma kwa hasira, kisha akaiweka kwenye fremu.

Mwaka 2023 kijana wa Rutshuru, mwana wa Hitimana, akaleta habari kwamba anamtaka Mahoro. Siku ya doti, yaani ya kuleta mahari, ikapangwa, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Habarurema akakumbuka ile fanta. Akavaa shati safi, akaenda kwa baba mkwe.

Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Vita vilikuwa vimemteremsha Muzee Ndagijimana kutoka Masisi mpaka kambini Mugunga, bila ng'ombe hata mmoja, akikaa mlangoni mwa hema lake na koti lilelile.

"Muzee, ile neno ya zamani..."

"Iko."

"Lakini sasa hata wewe umekimbia, umepoteza vyote."

"Ng'ombe njo nilipoteza. Neno niko nayo."

Kumbi zote zikakataa. Rémy akashauri wabadili mpangilio, waanze na wimbo wa saba kisha wateremke. Walipompelekea Muzee wazo hilo, aliwatazama kwa huruma. "Mutu akikamua mukia kwanza, atapata maziwa?"

Jioni, Annonciata akiwa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa: "Pigeni Mugunga."

"Kambini?"

"Watu wa mjini watakimbia mukimaliza ya sita. Bale ba kule bamekwisha kimbia. Batakimbilia wapi tena?"

Basi wakapiga Mugunga, saa tisa mchana, juu ya mawe meusi katikati ya mahema, kwa jenereta ya kinyozi. Kambi nzima ilikuja. Hakukuwa na kingine cha kwenda kuona. Wimbo wa sita ukaisha. Wanawake kadhaa wakavuta watoto wao karibu, kwa mazoea tu. Bibi mmoja, Nyirakamana, alikaza fundo la mzigo wake, akatazama mlima, akatazama barabara ya Sake, kisha akaukalia mzigo.

"Piga," akasema. "Miye sitoki tena."

Wakapiga. Na wimbo wa saba ulikuwa mzuri, jamani! Ulikwenda dakika nne kama gari jipya. Dakika ya tano Habarurema akatambua jambo: wimbo haukuwa na mwisho. Kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kufika huko, hata katika mazoezi. Wakazunguka, wakarudia, wakazunguka tena.

"Unaishaje?" Rémy akapiga kelele.

"Sijui!"

"Si wewe ndiye uliutunga?"

"Niliutunga mpaka pale bomu linapolia!"

Dakika ya thelathini kinyozi akaanza kupunga mikono: petroli ilikuwa inaisha. Jenereta ikizimika, tamasha limekatika, na si kumalizika; Muzee alikuwa ameketi mbele, fimbo katikati ya magoti, akingoja. Vidole vya Habarurema vilikuwa vinachuruzika damu kwenye nyaya za breki. Akaona shitingi. Akaona fanta ikipita mbali.

Ndipo Muzee Ndagijimana akasimama. Labda alichoka kungoja. Labda mngurumo wa Jean de Dieu ulimkumbusha zizi. Aliinua fimbo na kuanza kusifu ng'ombe wake kwa majina, kama wafanyavyo wafugaji wa kwao mbele ya wageni. "Bihogo! Mama wa maziwa ya mvua, uliyekataa mto mpaka nikaingia mbele!" Na Jean de Dieu, asiyejua la kuimba tena, akaitikia kwa mngurumo. "Gaju! Uliyemwangusha mwizi!" Mngurumo. Wanaume wa kambini wakainuka mmoja mmoja, mikono juu kama pembe. Ngoma za madebe zikapunguza mwendo, zikawa kwato. Bugondo. Ndama wa Bugondo. Ishirini na saba aliwaita, wote waliobaki mikononi mwa waliowapora.

"Sine!" akaita wa mwisho. "Sine, uliyenitazama nikiondoka."

Akashusha fimbo. Habarurema akalaza kiganja juu ya nyuzi. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika kwa wakati wake.

Hakukulia bomu. Watu walisubiri kidogo, kwa adabu.

Habarurema akasogea. "Muzee, imekwisha."

"Imekwisha," mzee akakubali. "Ila nani amemaliza? Miye njo nimemaliza. Nilisema umalize weye."

Annonciata akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya baba yake.

"Papa, ulikuwa unaimba na bendi?"

"Nilikuwa naita ng'ombe zangu."

"Kwa hiyo hauko mutu wa bendi."

"Hapana!"

"Basi uliingia kuharibu kazi ya watu mbele ya kambi yote. Muzee muzima."

Muzee Ndagijimana akatazama huku, akatazama kule. Nyirakamana alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwa mfugaji mwenye heshima zake, njia ilikuwa moja tu.

"Bon," akasema. "Niko mutu wa bendi, na bendi njo imemaliza. Leteni hiyo ng'ombe yenu."

Na siku ya doti, Habarurema alikaa kwenye kiti cha baba, suti ya kuazima, ua kifuani. Nyumba ilijaa. Ng'ombe wa Hitimana waliingizwa uani, wakapokewa kwa jina lake. Baba wa binti siku hiyo hasemi, ana msemaji. Hainuki, ana wa kumwinukia. Anakaa, anaheshimiwa.

Mbele ya ng'ombe ilisimama Radi Kavu, katikati yao Muzee Ndagijimana na miwani ya jua, akiwaamuru wapunguze mwendo, maana ng'ombe hawakimbizwi. Gitaa la kilo kumi na nne lilikuwa mikononi mwa Rémy. Alilipiga vibaya. Mstari wa pili alikosea, wa tatu akakosea palepale, na wageni wa Rutshuru wakasifu wakisema ni mtindo mpya. Habarurema akaanza kuinuka kitini. Mkono wa Annonciata ukamshika goti, ukamrudisha chini.

"Kaa, Papa Mahoro," akamnong'oneza, akitabasamu kwa wageni. "Weye si njo ulikitaka hiki kiti?"