Kaboni Iliyotumika Mara Moja

Mimi ni mchoyo, na uchoyo wangu ndio uliotuponza. Mwingine angeitia karatasi ile ya kaboni, ya kutolea nakala, jikoni ikaungua na mambo yakaishia hapo. Lakini mpiga taipu aliyesubiri mgao wa kaboni mpya miezi mitatu hachomi iliyotumika mara moja tu.

Ilikuwa Leningrad, Machi 1972. Mashairi niliyokuwa nikiyapiga kwa siri yalikuwa ya mzee Ignat Savvich Belozub, ambaye hakuna mchapishaji aliyethubutu kumgusa. Kwetu kitabu cha namna hiyo hakinunuliwi. Unaazimwa siku tatu, na ada yake ni kukipiga chapa nakala tano: nne unazisambaza, moja unabaki nayo, ile ya chini kabisa ambayo herufi zake hazisomeki vizuri. Nyumbani nisingeweza. Tulikuwa familia sita kwenye jiko moja, na ukikohoa unaulizwa umekunywa dawa gani. Kwa hiyo nilipiga ofisini saa ya chakula, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya supu ya kabichi.

Nilipofika ukurasa wa mwisho kaboni zilikuwa zimechoka, nikatoa mpya moja. Nilipomaliza nilificha nakala chini ya sketi, na ile kaboni, badala ya kuichoma, nikairudisha kwenye jalada letu la pamoja. Ilinionea huruma, au mimi niliionea, sijui.

Kesho yake ikachukuliwa na Glafira Matveyevna. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mjane aliyebakiza miezi minne tu apate pensheni. Alipiga ripoti ya mkurugenzi, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne. Akaipeleka na kaboni ikiwa bado imo ndani.

Alhamisi asubuhi akashuka ndugu Pakhomov, mtu wa usalama pale ofisini. Chumbani tulikuwa mimi na Glafira Matveyevna tu. Alifunga mlango, akaibana kaboni kwa kiganja kwenye kioo cha dirisha. Nje theluji ilikuwa inang'aa, na kila neno lililopigwa juu yake likajitokeza. Juu palikuwa na mistari minne ya ripoti. Chini yake alikuwa Belozub.

Mwanangu Vadik alikuwa mwaka wa nne chuoni, anasomea ujenzi wa madaraja. Mimi nikikamatwa, yeye angefukuzwa wiki hiyo hiyo na kupelekwa jeshini.

"Nani hapa anapenda mashairi?" Pakhomov aliuliza kwa upole.

Glafira Matveyevna alivaa miwani akasogea dirishani. Aliangalia kwa muda mrefu. Mimi kidole changu kidogo cha kushoto kilivunjika utotoni, na herufi zake hutoka hafifu. Miaka tisa alikuwa akinigombeza kwa hilo. Niliona mgongo wake ukikakamaa, nikajua kwamba amejua.

"Imetoka kwenye ripoti yangu," alisema. "Kwa hiyo ni yangu."

"Sikuuliza hivyo. Nimeuliza nani aliyapiga."

"Ndiyo nakujibu, ndugu."

Pakhomov akacheka kidogo. "Wewe? Mwaka jana kwenye mkutano wa washairi ulilala mpaka ukakoroma."

"Yalikuwa mabaya."

Akaacha kucheka, akanigeukia. Akataka kujua na mimi nina lipi la kusema. Maneno ya kukiri yalikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nikayameza.

"Mimi mashairi yananichosha," nikasema.

"Mwache huyo," akadakia Glafira Matveyevna bila kunitazama. "Huyo hasomi hata gazeti."

Kufikia saa sita meza yake ilikuwa tupu. Walimhoji siku nane, wakamwachia kwa sababu ya umri, lakini kazi ilikwenda na pensheni ikapunguzwa karibu nusu. Mimi sikwenda kumwona. Kila kengele ya mlango ilipolia nilihisi wamekuja kunichukua, na kila mtu aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya mkate nilimhesabu kuwa ni mmoja wao. Alhamisi ile ile nilipotoka kazini nilikuwa nimejifungia bafuni, nikazichoma nakala zote tano, na ile niliyoazimwa pia, moja moja, maji yakiwa wazi ili majirani wasisikie.

Novemba Vadik alinipeleka kwenye tamasha la muziki. Tulipofika kaunta ya kuacha makoti, aliyenyoosha mkono kupokea langu alikuwa Glafira Matveyevna. Vadik alikuwa ametangulia kutafuta viti.

"Kitanzi cha kutundikia kimekatika, Rimma," alisema akiligeuza koti. "Mtu mzima unatembea na koti lisilo na kitanzi. Litaanguka, halafu mtanilaumu mimi."

Nikamwomba radhi kwa kitanzi. Lile jingine sikuligusa. Watu walikuwa wanasukumana nyuma yangu, na nani ajuaye ni watu gani. Akainama juu ya kaunta kana kwamba anatafuta kibati cha namba yangu.

"Zile nakala nne zilifika?" akaninong'oneza. "Niliomba sana zifike. Siku zote nane nilikuwa nawaza hilo tu."

"Zote nne," nikasema.

Akafumba macho kidogo, akatabasamu, akanipa namba yangu, akamwita anayefuata.