Ruhusa ya Sura

Malika alikuwa ametuma picha tisa kwenye tovuti ya kuuzia picha, nane zikakataliwa. Ya mtumbwi haikutulia. Ya soko ilionyesha nembo ya kampuni ya simu. Iliyopendwa ilikuwa moja tu: shangazi yake, tantine Mwanahamisi, akitwanga ndizi za lituma uani, shuka jeupe la eda kichwani. Wenye tovuti walitaka karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya huyo mama, katika siku kumi na nne.

Tangu amalize chuo, hakuna aliyewahi kuikubali kazi ya Malika popote.

Tantine hakujua kusoma Kifaransa. Angetia sahihi popote ambapo Malika angemwonyesha kwa kidole, na hilo ndilo lililomnyima Malika raha. Alikaa karibu naye, akaanza kumfasiria mstari kwa mstari.

«Wanasema wataiuza picha popote, tantine. Miaka yote.»

«Popote? Hata Chine?»

«Hata Chine.»

«Bon, Wachina wakule lituma na macho!» Tantine alicheka, akaendelea kumenya ndizi. «Na watafanya nayo nini?»

«Matangazo. Sabuni, mafuta ya kupikia. Mwenye kununua anaweza kuandika chini yake kwamba huyu mama iko na furaha. Hatatuuliza.»

Kisu kilisimama.

«Furaha? Na shuka ya kulilia bwana yangu juu ya kichwa?»

«Hawajui maana yake, tantine.»

«Miye najua. Siku ile nilikuambia upige, nilizani ni picha ya nyumba. Siwezi kutoka hata kwenye barabara mpaka eda iishe. Alafu sura yangu itoke mbele yangu, iende Chine?»

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Malika alishindwa kumtazama.

«Nisamehe, tantine. Ninaiondoa kule.»

«Walikubali ngapi?»

«Hii moja.»

Tantine alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. «Nimebakisha siku makumi tatu za eda. Hawawezi kungoja?»

«Hawawezi.»

Malika akabonyeza kitufe cha kuiondoa picha. Ukurasa wake ukabaki mtupu, naye akauangalia kidogo kabla ya kuufunga.

«Na kwenye simu yako, umefuta?»

«Hapana. Iko.»

«Lete nione.»

Tantine alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika simu kwa vidole viwili. Aliitazama picha muda mrefu, akaisogeza karibu na macho.

«Nimekonda,» alisema polepole. «Na hakuna mutu aliniambia.»