Mkwe Aliyepimwa kwa Kabati

Seremala hakuwa mtu mbaya, ila akishika jambo hashikiki. Siku bintiye alipoleta mchumba, alimkagua kijana yule juu mpaka chini: miwani mizito, mabega membamba, mikono kama fito. Akaenda jikoni kumnong'oneza mkewe kwa sauti iliyofika sebuleni.

"Huyu Sindano atatuharibia mbegu! Maumbile yenyewe yanasema: mwenye nguvu hubaki, mnyonge hupisha."

Binti, mwalimu wa baiolojia, alitamani ardhi ipasuke. Akamfuata huko huko. "Baba, hayasemi hivyo. Kinachosalia ni kile kinachoendana na mahali kilipo. Tena hiyo ni habari ya jinsi viumbe walivyobadilika, si amri ya kuchagulia wakwe."

"Usinizungushe, mwanangu. Jumamosi nina kabati la kupandisha ghorofani. Aje tumwone."

Jumamosi seremala alimwita pia mpwa wake, Tingatinga, jitu la miraba minne. Sindano akaambiwa abebe bisibisi. Kwenye kona ya ngazi kabati likagoma, likambana seremala ukutani kama kitabu rafuni.

"Sukuma!" akaamuru. Tingatinga akasukuma. Seremala akatoa mlio wa bata. "Acha! Unaniua!"

Binti alishika kichwa. Sindano akavua miwani, akampa binti, akajipenyeza ubavuubavu katika upenyo ambao hata paka angeufikiria mara mbili.

"Samahani, baba, vuta tumbo kidogo," alisema, akaanza kufungua milango ya kabati, skrubu moja baada ya nyingine. Tingatinga alilishikilia lisiporomoke, jasho likimtiririka. Milango ilipotoka, seremala akachomoka, mweupe kwa vumbi la chokaa.

"Kumbe wembamba ndio wateule!" akatangaza. "Mpwa wangu, wewe huna chako tena."

Binti alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Baba, umeruka majivu ukakanyaga moto! Bila Tingatinga lingewalalia nyote wawili. Na hata Sindano angeshindwa kupenya, thamani yake ingepungua nini?"

Seremala alijifuta uso.

"Kwa hiyo hakuna wa kupisha?"

"Hakuna."

"Sasa mkwe nitamchaguaje?"

"Humchagui, baba. Nimeshamchagua mimi."

Tingatinga aliangua kicheko, kabati likayumba. Seremala naye akashindwa kujizuia.

"Haya, mkwe," akasema, akimpangusa Sindano vumbi begani, "nishikie mlango huo. Polepole, usije ukaumia ukaniharibia mbegu ya wajukuu."

"Baba!" binti akafoka, mashavu yakimwiva.