Mlinzi wa Mwisho Mwenye Habari

Waliokuwepo alasiri ile ya Jumapili, sebuleni kwangu: mdogo wangu, ambaye ni kinyozi; wifi yangu, ambaye ni muuguzi; mume wangu, ambaye kwa wingi wa maneno tunamwita Spika; na mimi, msimulizi.

Mchezo wetu huchezwa mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake, mimi husimulia yanayomkuta, na dadu huamua panapokuwa na shaka. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niliweka utaratibu: anayemwangusha adui hupewa alama, na alama zikitimia, mhusika wake hupanda daraja. Sikuwaza kwamba wangeua kila mtu. Walimuua mwenye nyumba ya wageni, wakamuua mchunga mbuzi, wakamuua hata mvushaji, nao bado hawajavuka mto. Wote hao nilikuwa nimewapa habari za kaka aliyepotea, ambaye mhusika wa wifi amekuwa akimtafuta tangu tuanze. Nchi yangu ikawa kimya kama darasa wakati wa likizo.

Sasa alibaki mlinzi mmoja wa ngome, amejeruhiwa, amepiga magoti.

"Huyu wangu," alisema kinyozi, dadu mkononi. "Nikimmaliza napanda daraja, napewa mkuki wa moto. Nimeusubiri mpaka nauota."

"Na habari za kaka yangu nimuulize nani?" wifi akauliza. "Maiti?"

"Shemeji, nikiwa na mkuki wa moto tutamtafuta vizuri zaidi."

"Utamulika nao makaburi."

"Kaka yako si mimi hapa, nakunywa chai?" Spika akadakia.

"Wewe hujapotea, ingawa tumejaribu. Mwenzako amepotea." Kisha wifi akaacha utani. "Nataka tu kujua kama yu hai."

Kinyozi akanigeukia. "Dada, nikimwacha huyu mlinzi, napata alama?"

Ningejibu ndiyo, mambo yangeisha hapo hapo. Lakini kanuni haibadilishwi katikati ya mtihani.

"Hupati, mdogo wangu. Tutaijadili tukimaliza."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Aliizungusha dadu kiganjani, akakitazama kile kifungo cha shati tulichokiweka mezani kuwa mlinzi, akamtazama na wifi, ambaye chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kisha akaiweka dadu katikati ya meza na kuondoa mkono.

"Sikilizeni wote," alisema. "Nimeshusha silaha. Shemeji, muulize. Ila taratibu, ana jeraha."