Nukta Yetu ya Kabuchai

Miezi saba nilijifungia katika chumba cha kupanga huko Kitale, mimi na kompyuta, nikichora ramani ya maboma elfu kumi na moja ya Bungoma. Kila boma ni nukta. Ukivuta alama ya miaka iliyo chini, nukta zinavimba watu wanapozaliwa, zinanywea wanapokufa au kuhama. Kazi tamu, lakini upweke wake! Kuna asubuhi nilijikuta nikilisalimia birika. Nyumbani Kabuchai sikwenda hata Krismasi, na mama akaacha kupiga simu. Nilitaka aione ramani hiyo, aelewe nilikuwa wapi, anisamehe.

Julai 2007 niliipeleka kanisani kwetu, na jenereta. Mzee Wanjala alikuwa wa kwanza kushika kipanya cha kompyuta, akaikodolea macho ile miaka.

"Sitini na mbili? Hiyo ni ya akina nani?"

Niliona aibu. Mimi Nelima, Mbukusu wa kuzaliwa, nimesahau kwamba wazee wetu hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa rika lililotahiriwa. Msomi mzima! Waumini wakaimba nyimbo tatu huku nikifuta miaka na kuandika marika: Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, mpaka Kolongolo wa leo.

"Sasa hapo umesema, bana!" Mzee akavuta. "Si munaona? Hii ndio boma yetu, Kinyikewi tukitoka jandoni!"

Kanisa likajaa vicheko.

Mama alikuja mwisho, bila kunitazama. Wanawake hawana rika lao, basi akaanzia Nyange, rika la marehemu baba. Nukta yetu ilikuwa ndogo, bibi na bwana tu. Akavuta, ikakua. Kufika Chuma tulikuwa tisa, nukta imejaa kama sufuria ya ugali. Mama akatabasamu, akanigusa mkono. Nikajua nimesamehewa.

Lakini hakuacha kuvuta. Nukta ikanywea, ikazidi kunywea. Kwenye Kolongolo ilibaki chembe, ikabidi asogeze uso.

"Huyu mumoja ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

Akaachilia kipanya.

"Kumbe mulikuwa munajua."

Nukta ile niliichora mwenyewe. Niliikagua mara mbili hesabu isikosewe, kisha nikaendelea na boma la jirani.