Nusu Mche wa Sabuni

Padre alinibatiza Mansuetus, akamwambia mama yangu kwamba maana ya jina hilo ni mpole. Mungu amsamehe. Nilipofika miaka thelathini nilikuwa nimewang'oa meno watu wanne pale Mbinga mjini, na mmoja wao alikuwa Hyasinti.

Hyasinti alikuwa fundi mwenzangu, Mnyasa wa Liuli, kule ziwani, na gereji yake ilitazamana na yangu, barabara ikiwa katikati. Nilimchukia kwa sababu alikuwa fundi mzuri. Sababu nyingine nilizitunga baadaye, moja moja, kila nilipoulizwa.

Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefunguliwa mlango, wakaja na magari yao na majigambo yao, na mmoja wao, bwana Ignatio, akatangaza mashindano ya magari. Kwanza mizunguko kumi kuuzunguka uwanja wa mpira, kisha barabarani, kuteremka mpaka Mbamba Bay. Fundi ambaye gari lake lingeshinda angekabidhiwa magari yote ya kampuni ayatengeneze. Sharti lilikuwa moja tu: liwe gari lenye namba, linalotembea barabarani siku zote, si kitu cha kubebwa kwenye lori na kushushwa uwanjani.

Mimi nilikuwa na Corolla ya milango miwili iliyokuwa imelala nyuma ya gereji, kuku wakitagia ndani yake. Tuliifanyia kazi miezi saba, mimi na mdogo wangu Leopold. Tulikata springi ikakaa chini. Silinda hedi niliipunguza uso kwa mkono, kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo, siku tisa, mpaka vidole vikatoka damu. Tulifunga kabureta mbili, tukazikata rimu na kuzichomelea upya ziwe pana, na ndani tukajenga kizimba cha mabomba ya maji ili gari likipinduka paa lisimlalie dereva. Kiti cha nyuma tulikifunga kwa boliti nne. Siku za mazoezi tulikitoa, Jumapili tulikirudisha tukampeleka mama kanisani. Alikuwa akishuka ameziba masikio, huku anacheka.

Dereva alikuwa Leopold. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkono mwepesi, na moyo ambao mimi sikupewa. Nikimtukana, yeye alikuwa akiimba. Nilimpenda kuliko kitu chochote duniani, na nalisema hilo waziwazi kwa sababu wapo ambao mpaka leo hawaliamini.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, nilikuta breki zimevuja zote. Raba iliyochakaa niliibadilisha, lakini mafuta ya breki sikuwa nayo hata tone. Madukani kulikuwa na redio, soda na mashati ya kila rangi, lakini mafuta ya breki Mbinga nzima alikuwa nayo mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Hyasinti. Ningekunywa mafuta ya taa kuliko kuivuka barabara ile kwenda kumwomba.

Basi nikafanya tulichozoea. Miaka ya foleni, wakati hata kiberiti kilitafutwa kama dawa, sisi mafundi wa Umatengoni tulikuwa tukitia maji ya sabuni kwenye breki za malori. Lori lilishuka mlima kwa gia ya kwanza, taratibu, breki zikiguswa kidogo tu, na kazi ilikwenda. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyekufa. Nikaingia jikoni kwa mama, nyuma ya gereji, nikakata nusu ya mche wake wa sabuni kwa kisu changu chenye pengo, nikaikoroga katika maji ya moto. Nililijaribu gari uwanjani, likasimama pale nilipotaka, nikalirudisha gereji. Leopold sikumwambia kitu.

Hyasinti alikuwa ameniona kutoka ng'ambo. Alivuka na kopo la mafuta ambalo halijafunguliwa, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akachovya kidole na kukilamba.

"Mansuetus, hii ni sabuni," alisema. "Mteremko wa kwetu naujua mimi. Maji yatachemka, pedali itaingia mpaka chini. Chukua haya, utanirudishia ukipata."

Alisema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilimpiga shavuni kwa spana ya kumi na tisa, akaanguka, na lile kopo nikalikanyaga mpaka likapasuka. Watu wakatoka sokoni mbio. Walimkuta yuko chini, skrubu ya gurudumu inadondosha povu, wakaniuliza amefanya nini. Nilikaza ile skrubu nikawajibu kwamba anachezea gari langu.

Jumamosi asubuhi Leopold aliwaacha wote uwanjani, hata Hyasinti, aliyekuja kuendesha gari lake na shavu limevimba. Mzunguko wa kumi aliumaliza akiwa peke yake, mkono mmoja nje ya dirisha anawapungia akina mama. Kisha magari yakashika barabara. Mimi nilifuata ndani ya pikapu ya Ignatio, nikipiga bodi ya mlango kwa ngumi kwa furaha.

Tulipoanza kuteremka, pale ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, nililiona gari letu likifika kwenye kona bila kupunguza mwendo. Taa za breki ziliwaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Alikuwa anapampu pedali. Gari halikukata kona kabisa. Liliruka ukingo likaingia shambani, kwenye mashimo ya ngoro, yale tunayochimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo, na mashimo yakalirusha moja baada ya jingine mpaka likagonga jiwe.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Hyasinti. Alikuwa nyuma yake mashindanoni, akaacha gari lake katikati ya barabara na kuteremka akikimbia. Nilipofika alikuwa amekwisha kumtoa Leopold na kumlaza kwenye tuta. Kizimba changu hakikupinda hata kidogo. Usukani ndio uliomwingia kifuani, na kila alipovuta pumzi, damu ilitoka puani na mdomoni.

"Kaka," aliniambia, "pedali ilikuwa tupu."

Nilimshika kichwa mpaka shingo ikalegea mikononi mwangu.

Watu walikuwa wamejaa kwenye matuta, wengi wamekuja na majembe yao kutoka mashambani. Mmoja wa sokoni akasema kwa sauti kwamba jana yule Mnyasa alikutwa kwenye gurudumu la gari hili. Mwingine akasema naye alimwona. Hyasinti alisimama, mikono yake yote damu ya mdogo wangu, akanitazama. Hakujitetea. Alikuwa ananingoja mimi niseme, na wote wakanigeukia.

Nilikuwa na maneno ya kusema na muda wa kuyasema. Badala yake nikaokota jiwe.

Nilimpiga mimi wa kwanza, jichoni, na jicho lile halikurudi. Wengine wakafuata na mipini ya majembe. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, sauti kavu, kama kuni. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga uso, na wangemmaliza kama si masista waliopita na gari lao, wakamfunika kwa miili yao na kumpeleka zahanati.

Leopold tulimrudisha nyumbani saa tisa alasiri. Baba mkubwa Kiliani, kaka wa marehemu baba yetu, akafika kutoka Mapera na wanaume kumi na watatu. Ukoo wetu una sengu: wanaume hula chungu kimoja kwa mkubwa wao, na shauri likikatwa kwenye chungu kile halirudi nyuma. Siku ile Kiliani aliihamishia uani kwetu. Waliosha mikono, wakamega ugali, kisha Kiliani akasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba tulimwacha mtu wa ziwani akae mlangoni petu na sasa tunazika. Wakimaliza kula wangekwenda zahanati kumtoa Hyasinti. Mapanga yalikuwa yameegemezwa ukutani, na debe la petroli lilitoka gerejini kwangu. Kiliani alinikatia mimi tonge la kwanza na kipande kikubwa cha nyama, kwa kuwa niliipigania damu yetu.

Mama akaniita mlangoni. Ndani shangazi Gertruda na wenzake walikuwa na maji tayari ya kumwosha Leopold. Mama hakuwa analia tena. Alinitia sabuni mkononi nimpelekee shangazi.

"Nusu nyingine sijui nani aliichukua," alisema. "Itatosha tu hii."

Niligeuza kile kipande. Mahali kilipokatwa palikuwa na mstari ulioinuka, alama ya pengo la kisu changu. Nyuma yangu wanaume walikuwa wanainuka na kuchukua mapanga.

"Kaeni," nilisema. "Hyasinti hakugusa breki. Niliweka sabuni ya mama. Yeye aliniletea mafuta, nikampiga."

Kiliani aliniamuru nirudie. Nikarudia. Alinipiga kwa ubapa wa panga usoni nikaanguka, kisha wote wakaja, ndugu zangu wa chungu kimoja, wakanivunja mbavu tatu na mkono huu wa kulia ambao haufungi boliti tena. Nilikunja ngumi moja tu, ile iliyoshika sabuni, na sikuiinua.

Mama alipopita katikati yao, waliacha. Aliinama. Nilidhani anataka kuniinua. Akanifumbua vidole kimoja kimoja, akatoa ile sabuni, akaifuta damu yangu kwa khanga yake, akaingia ndani kumwosha mtoto wake. Hapakuwa na sabuni nyingine nyumbani.