Kisima Kilichoandikwa Bahari

Kila asubuhi baada ya gwaride, askari Thakurdin Dube alivua koti jekundu, akajifunga shuka ya pamba na kuteremsha lota yake, chungu kidogo cha shaba, kisimani kwa kamba yake mwenyewe. Kisha alichora duara la udongo chini, akawasha moto ndani yake na kujipikia. Hakuna aliyekanyaga duara la mwenzake. Kwa miaka kumi na saba ya kuwatumikia Waingereza, Thakurdin hakuwahi kukosea katika jambo hilo.

Jumanne moja ya mwezi wa Kartik, kanali aliwasomea askari amri kwamba kikosi kitapanda meli kwenda kupigana Burma. Gwaride lilipovunjwa, Thakurdin aliteka maji, akaonja, akatema. Yalikuwa maji ya bahari. Ndani mlikuwa na uduvi mmoja, mzima, akiogelea.

Jirani yake wa duara la pili, Gajadhar Pande, naye alikuwa ametema. "Umeshafika Burma, Dube," akasema. "Wasalimie."

Thakurdin hakucheka. Mbrahmini kama yeye, Mhindu wa tabaka la juu, akivuka bahari, watu wake hawali naye tena, wala hawamwoi binti yake. Na Sukhdei, mwanawe wa pekee, alikuwa aolewe mwezi wa Phagun, miezi minne mbele.

Maji matamu yalikuwapo. Mbeba maji, Piru, aliteka kisima kilekile kwa kiriba chake, na maji yake yalikuwa safi kama siku zote, kwa kuwa jina lake halikuwamo kwenye orodha ya meli. Lakini kiriba ni ngozi ya ng'ombe, na maji hayo wasingeweza kuyanywa. Piru aliwaonea huruma, akawa anapita mbali ili asiwatamanishe. Walikunywa madafu mpaka soko likaishiwa, wakatafuna dengu kavu na miwa, midomo ikawapasuka.

Waliandika barua ya adabu wakiomba waende Burma kwa miguu, hata kwa miezi sita. Kanali alikuja kisimani mwenyewe, akaonja, akafuta masharubu.

"Bahari yenyewe imewafuata hapa," akasema. "Sasa mnalalamikia nini?"

Akaamuru kisima kiandikwe kuwa bahari. Tangu siku hiyo mlinzi wa zamu alitoa taarifa ya maji kujaa na kupwa.

Wiki ya tano ikaja barua ya mke wa Thakurdin. Kisima cha uani kwao, chini ya mwarobaini, kilikuwa chumvi tangu Jumanne ileile. Baba wa bwana harusi alikuwa amesikia, na hakutaka ugomvi. Angekuja na msafara siku ya harusi, na kabla ya kukanyaga kizingiti angeonja maji. Yakiwa matamu, harusi ipo. Mwisho wa barua mkewe aliandikisha "usivuke" mara mbili.

Siku ya kuondoka, Thakurdin alikunja koti lake vizuri na kuliweka chini mbele ya kikosi. "Koti lenu hili hapa, bwana," akamwambia kanali. "Mimi sivuki." Gajadhar akaweka lake pembeni, na wengine wakafuata. Mizinga iliyokuwa nyuma yao ilikuwa imejazwa baruti tangu alfajiri, yaani jibu lilikuwapo kabla hawajasema neno. Ikafyatuliwa, na Gajadhar akaangukia juu ya koti alilokuwa ametoka kulikunja.

Jioni hiyo kisima kilirudi kuwa kitamu. Waliobaki walikunywa wakiwa na minyororo miguuni. Thakurdin alikunywa lota tatu na kulia kwa furaha, maana alijua Sukhdei ataolewa.

Mahakama ya maofisa watatu ilimpa miaka kumi na minne ya kuvunja mawe, katika kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari.

"Yaani kosa langu ni kukataa kuvuka," Thakurdin aliuliza, "na adhabu yake ni kuvuka?"

Mkalimani hakulitafsiri swali hilo. Maofisa walikuwa wanasubiriwa mezani.

Melini maji yalikaa kwenye mapipa ambamo kila mkono ulichota, kwa hiyo kwa siku mbili Thakurdin hakunywa kitu. Siku ya tatu, ambayo kwa hesabu yake ya mwezi ilikuwa siku ya harusi, aliteremsha lota ubavuni mwa meli. Ikapanda na maji matamu, yenye uchungu kidogo, na jani la mwarobaini likielea juu.

Aliyajua maji hayo. Yakiwa huku, basi huko uani sasa hivi wanateka bahari, na msafara umekaribia. Koo lilimwaka. Akayamimina yote baharini polepole, asimwage hata tone kwenye mbao. Akateremsha tena, yakapanda matamu. Akayamimina tena.

"Unafanya nini wewe?" mlinzi aliuliza.

"Nayarudisha nyumbani, bwana."

Alifanya hivyo mpaka jua likazama, na kila mara lota ilipanda na maji matamu. Mlinzi aliandika kitabuni kwamba mfungwa Dube amepewa nafasi ya kunywa maji, akakataa.